Ndiyo, akina mama wa Kihindi huwatafutia watoto wachumba mtandaoni

Umeuliza kama kweli mama wa Kihindi anaweza kumfungulia mwanawe akaunti ya kutafuta mchumba. Kweli kabisa! Shaadi.com, tovuti ya Kihindi ya kutafuta wachumba iliyoanzishwa na Anupam Mittal miaka ya 1990, huuliza akaunti ni ya nani na nani kaifungua: mwenyewe, mzazi au ndugu. Zamani kazi hiyo ilifanywa na matangazo ya magazeti ya Jumapili.

Ndiyo maana nazipenda hadithi za mapenzi zinazoanzia kwenye tovuti kama hizi: binti ni staa wa sinema, kaficha jina ili apendwe kwa moyo wake, kumbe mama mkwe mtarajiwa hajali umaarufu, anataka kujua ukoo, elimu na saa aliyozaliwa, nyota zilinganishwe. Kwangu mimi, utamu uko hapo kuliko hata busu la kwanza.