Hilux ya petroli haitoi moto: pima kwanza, ignaita baadaye

Hilux ya petroli ya miaka ya 1980 ikikosa moto kwenye plagi, wa kwanza kuhukumiwa ni ignaita, kile kiboksi cha alumini kinachokaa pamoja na koili. Inatolewa, inafungwa nyingine, gari linatembea siku mbili, ugonjwa unarudi. Mara nyingi ile ya zamani ilikuwa nzima kabisa. Kibovu kilikuwa waya uliokatikia ndani ya ganda lake, athi (njia ya hasi kupitia bodi) iliyoshika kutu, au koili ndogo iliyomo ndani ya distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi. Vipimo vilivyopo hapa ni vya injini ya 22R, lakini mpangilio wa kupima unafaa pia kwa gari la platini (midomo ya chuma inayokata umeme wa koili) lililobadilishiwa distributa ya elektroniki.

Mfumo wenyewe ni mwepesi. Shafti ya distributa inazungusha kigurudumu cha chuma chenye meno manne, na pembeni yake kuna koili ndogo yenye sumaku ambayo mafundi huiita pikapu (isichanganywe na bodi ya gari lako). Jino likipita, pikapu inatoa umeme kidogo. Ignaita inaupokea na kukata karenti ya koili kubwa upande wa hasi. Karenti ikikatwa ghafla, koili inatoa cheche. Platini ilifanya kazi hiyohiyo, ila yenyewe ilikuwa inagusana na kulika.

Tafuta mita ya dijitali, taa ya testa ya volti 12, fila za shaba (vipande vyembamba vya kupimia nafasi) na plagi moja nzima ya majaribio. Fila za chuma zinavutwa na sumaku ya pikapu, utapata kipimo cha uongo.

Betri iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6. Wakati stata inazungusha isishuke chini ya 9.6, ikishuka, malizana na betri kwanza. Kisha washa funguo na upime chanya ya koili dhidi ya hasi ya betri. Ikipungua zaidi ya nusu volti kuliko betri, kuna kitu kinakula umeme njiani: switchi ya funguo iliyoungua midomo, fyuzi yenye kutu, au soketi iliyolegea. Pima tena wakati stata inazungusha, maana hapo ndipo wengi hudanganyika. Injini ikishika wakati wa kustati halafu ikazima ukiachia funguo, njia ya kawaida ya umeme kwenda kwenye koili imekufa na gari linaishi kwa njia ya stata pekee. Ikizunguka bila kushika, kisha ikashtuka kidogo pale unapoachia, umeme unapotea funguo ikiwa kwenye stati.

Sasa nenda hasi ya koili. Funguo ikiwa imewashwa na injini imesimama, mita isome karibu volti za betri. Kabla hujahukumu, chomoa waya wa mita ya mizunguko ya injini, kwa sababu nao umefungwa hapohapo. Waya huo ukigusa bodi mahali popote kwenye dashibodi, moto wote unapotea. Baada ya hapo unganisha testa kati ya chanya ya betri na hasi ya koili, mtu azungushe stata. Taa ikipepesa, ignaita na pikapu zinafanya kazi, kwa hiyo shughulika na koili, kifuniko, rota na waya za plagi. Isipopepesa, ubishi umebaki kati ya ignaita na pikapu.

Pikapu ya 22R ikiwa ya baridi isome omu 140 hadi 180. Usiridhike na namba ya gari lililotulia. Sahani inayobeba pikapu huzungushwa kidogo na vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kila unapokanyaga mafuta, na baada ya miaka waya zake hukatika ndani huku ganda la nje likionekana zima. Ukiwa bado umeshika mita, nyonya mpira wa vakyumu kwa mdomo. Sahani itasogea; namba ikiruka au kupotea, umeshampata mwizi. Gari la namna hiyo huwaka vizuri na kusinzia vizuri bila kukanyagwa mafuta, likipanda mlima linamisi, yaani linakosa moto kwa vipindi.

Nafasi kati ya jino na pikapu iwe milimita 0.2 hadi 0.4. Kama yako ina skrubu za kurekebisha, zilegeze, sogeza, kaza, kisha pima meno yote manne. Jino moja likipishana sana na mengine, bushi za shafti zimekwisha na hakuna ignaita itakayoziponya.

Pikapu ikiwa salama, ndipo ijaribiwe ignaita. Chomoa soketi ya distributa, washa funguo, weka mita kati ya hasi ya koili na bodi. Chukua betri kavu ya volti 1.5: chanya kwenye waya wa pinki unaoingia ignaita, hasi kwenye mweupe. Volti ishuke waziwazi, na ukiondoa betri, plagi ya majaribio iliyochomekwa kwenye waya mkubwa wa koili na kulazwa kwenye chuma cha injini iruke cheche. Usizidishe sekunde 5, utaunguza transista. Na waya wa koili usiuache hewani ukitafuta cheche ndefu. Umeme usipopata pa kutokea hutoboa rota au kuiua ignaita yenyewe, mbali ya kukurusha wewe.

Ignaita haina waya wa hasi wa kwake. Athi yake ni bolti zinazoishikilia. Bodi ikipakwa rangi bila kukwangua sehemu hiyo, gari linaanza vituko. Stata ikizungusha, pima kati ya ganda la ignaita na hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2, fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, funga upya.

Koili nayo haibadilishwi kiholela. Koili za Toyota za mfumo huu zina omu 0.4 hadi 0.5, au 0.8 hadi 1.1, kutegemea mwaka. Koili ya platini yenye omu 3 itatoa cheche dhaifu. Gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe: zikisoma 0.3, toa hiyo 0.3 kwenye kila jibu. Waya za plagi zisizidi kiloomu 25 kila mmoja.

Kwa anayehama kutoka platini, toa rezista ya koili na kondensa ya distributa. Leta umeme moja kwa moja kutoka betri kwa waya wa milimita za mraba 2.5, fyuzi ya ampea 15 karibu na betri, na rilei (swichi ya umeme) inayoamshwa na waya wa funguo. Waya huo uwe na umeme kwenye kuwasha na kwenye kustati pia. Waya mbili za pikapu zisokotwe pamoja na zipite mbali na waya za plagi. Zikigeuzwa, injini inaweza kuwaka, lakini taimingi (wakati wa cheche kuruka) inahama na mizunguko ikipanda linamisi.

Ugonjwa wa joto ndio unaochosha: gari linazima baada ya nusu saa, linapoa, linawaka. Kabureta huleta dalili hiyohiyo, kwa hiyo angalia cheche palepale linapozima. Kama haipo, weka kitambaa chenye maji kwenye ganda la ignaita, soketi zisilowe. Cheche ikirudi ndani ya dakika chache, hapo nunua ignaita.

Na kabla bodi haijachomelewa kwa umeme, chomoa soketi ya ignaita na vichwa vyote viwili vya betri.