Kwenye video naelewa, maabara natoka kapa

SWALI: Daktari shikamoo. Mi niko mwaka wa kwanza udaktari, anatomia nasoma kwa video fupi za dakika tano tano, nikiangalia naelewa kabisa ila nikisimama mbele ya mwili maabara natoka kapa. Niziache?

JIBU: Marahaba. Usiziache, shida unaziangalia kama tamthilia. Chukua mifupa ya kifundo cha mkono, ipo 8, safu mbili za nne nne, sasa video ikitaja skafoidi, mmoja wa hiyo minane, we isimamishe, nyoosha dole gumba mpaka kishimo kitokee pale chini yake, bonyeza humo ndani, huo ndo mfupa wenyewe, na mtu aliyeangukia kiganja akilia ukigusa hapohapo ushajua pa kushuku pamevunjika. Kisha zima sauti, rudia video ukitaja majina mwenyewe, ukikwama ndo umepata pa kusoma. Halafu kwenye video neva (mshipa wa fahamu) ni ya njano na ateri (mshipa wa damu) nyekundu, mezani vyote vimepauka rangi moja (mi mwenyewe niliwahi kuita neva ateri mbele ya mwalimu, we acha tu), kwa hiyo usitafute rangi, shika kwa vidole ufuate inakotoka na inakoenda.