Sina Dalili Yoyote, Nipimwe Nini?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 38. Binti yangu wa miaka 12 amepata shuleni chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, dozi moja tu, na muuguzi akanishauri mimi nami nikapimwe. Sioni maumivu wala damu isiyo ya kawaida, na sijawahi kuwa na mwanamume mwingine ila mume wangu. Je, kuna haja? Na dozi hiyo moja itamtosha binti yangu?
Mama wa binti mmoja

JIBU: Mama, haja ipo, kwa sababu kipimo hiki kimekusudiwa hasa wanawake wasio na dalili. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana na vimeenea kiasi kwamba hata mwenye mwenzi mmoja maishani huweza kuvipata. Tena huweza kukaa kimya miaka mingi, kwa hiyo majibu yako, yawayo yote, yasigeuzwe kesi ya uaminifu nyumbani.

Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Vikisalia, hususan aina ya 16 na ya 18, ambazo kwa pamoja husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi, seli za mlango wa kizazi huanza kubadilika polepole, na kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20 kabla ya saratani kutokea, ingawa kwa mwanamke mwenye VVU asiyetibiwa muda huo huweza kuwa miaka 5 hadi 10. Mabadiliko hayo hayaumi, lakini yakigunduliwa huweza kuondolewa kwa kuunguzwa au kugandishwa, na aghalabu mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha HPV kuanzia umri wa miaka 30, kikirudiwa kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa wenye VVU, kuanzia 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Kwa kipimo hiki mwanamke anaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe, jambo linalowapunguzia wengi haya.

Kuhusu binti yako, tangu 2022 Shirika hilo limekubali ratiba ya dozi moja kwa wasichana wenye afya. Wenye VVU huhitaji zaidi. Chanjo huzuia maambukizi lakini haiondoi yaliyokwisha kuingia, ndiyo maana hutolewa mapema, kati ya miaka 9 na 14. Hata hivyo haikingi aina zote za virusi, hivyo naye atapimwa atakapofika umri.

Mkakati wa dunia wa 2020 unataka, ifikapo 2030, wasichana asilimia 90 wawe wamechanjwa, wanawake asilimia 70 wawe wamepimwa, na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo watibiwe. Naiona hiyo 70 kuwa ngumu kuliko zote: wasichana wana daftari la mahudhurio shuleni, ilhali mama zao hawamo katika orodha yoyote ya kuwaita, na serikali inayongoja waje wenyewe huwapata wengi wakiwa wameshaanza kutokwa na damu.

Utakapokwenda, uliza majibu yatatoka lini na, yakiwa na kasoro, matibabu yatatolewa wapi. Ukiona damu baada ya tendo la ndoa au katikati ya hedhi, usingoje zamu ya kupimwa. Muone daktari mara moja.