Maswali na majibu: utitiri hujificha wapi majira ya baridi?

Mitofaa yangu imepukutisha majani yote. Utitiri si umekwisha nayo?

Haujakwisha. Utitiri mwekundu wa mitofaa hufa wenyewe baridi inapokolea, lakini majike huwa wameshaacha mayai kwenye gome. Chukua kioo cha kukuzia, ukague upande wa chini wa vijiti, hasa penye makunyanzi na kando ya matumba. Utaona vitone vyekundu, kila kimoja na kiunywele kimesimama juu yake. Yakirundikana, kijiti huonekana kama kimepakwa vumbi la matofali. Huanguliwa mti unapokaribia kuchanua, na mafuta ya kupulizia hufaa muda mfupi kabla ya hapo, kwa kuwa huyakosesha mayai hewa. Lowesha kijiti pande zote. Yai lisiloguswa na mafuta halidhuriki.

Kwenye maharage nimeona utitiri wa rangi ya chungwa. Ni aina mpya?

Si mpya; ni utitiri ule ule wa kawaida wenye madoa mawili mwilini. Siku zikifupika, baridi ikaingia na majani yakachoka, majike wanaokua wakati huo hupoteza madoa na kugeuka rangi. Wakishapandwa na madume, huacha kula na kutaga mpaka joto lirudi. Mharage hufa na baridi, basi hawana budi kuhama: chini ya majani makavu, kwenye nyufa za udongo, hata kwenye nguzo za shamba. Ukinyunyizia dawa mabua yaliyokauka, unatupa pesa.

Mipea nayo?

Ule unaotia majani malengelenge ni mdogo mno, kama sehemu moja ya tano ya milimita, na una miguu minne tu. Hulala chini ya magamba ya matumba.

Ngano yangu hupandwa kabla ya baridi. Niogope?

Ndiyo, ogopa hasa ngano iliyojiotea yenyewe. Utitiri wa ngano haudumu bila mmea mbichi. Hukaa katikati ya mche, majani machanga yalikojikunja, na hubeba virusi vya michirizi ya njano. Ng'oa maotea yote, yakauke kabisa, ungoje angalau wiki mbili ndipo upande.

Kwenye banda la kioo lenye joto na taa je?

Huko haulali. Endelea kugeuza majani na kukagua kila wiki.