Maswali Yenu: Wakfu, Ardhi ya Kanisa na Gorofa za Bei Nafuu

Tangu niandike kuhusu misikiti na makanisa ya hapa Mombasa kutoa ardhi zao zijengwe nyumba za bei nafuu, maswali hayaishi. Najibu machache, hasa yale ambayo sijayajibu mara tatu.

Wakfu waweza kuuzwa, pesa zikajenge nyumba za maskini? (Likoni)

Wakfu ni mali iliyotengwa kwa ajili ya Mungu: hauuzwi, hautolewi zawadi, haurithiwi. Ndiyo masharti aliyoyaweka Sayyidna Umar, sahaba wa Mtume, kwa shamba lake la Khaybar, na hili swali limenichosha. Kuna mlango mdogo wa kubadilisha mali iliyokufa kwa nyingine yenye faida zaidi, lakini kila anayenijia nao huwa tayari ana mnunuzi mfukoni. Kukodisha kwa muda maalumu ni jambo jingine.

Tuna nyumba bila shamba hapa Majengo tangu enzi za babu. Yaani nyumba ni zetu, ardhi ni ya wakfu, na kodi ya kiwanja twalipa. Sasa twaambiwa tupishe gorofa za bei nafuu. Tufanyeje?

Vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na choo uani, vyumba vinne wamepanga wachuuzi na makuli. Hiyo ndiyo nyumba ya bei nafuu, na ilikuwapo kabla wizara yoyote haijalijua neno lenyewe. Kuibomoa ili ijengwe nyingine ambayo waliomo hawataiweza ni kumhamisha maskini, si kumjengea.

Mzee mmoja aliniletea mkebe wa maziwa ya unga umejaa stakabadhi za kodi ya kiwanja, pembe zimeliwa na mende, wino umefifia. Za miaka miwili ya mwisho hazikuwamo. Kumbe mkusanyaji alikuwa akimwambia, "Weka tu mzee, tutazungumza." Jamani, anayekataa kodi yako hajakusamehe. Anakutengeneza uwe mvamizi. Lipa kwa benki au kwa simu, au wakili apeleke barua, ushahidi ubaki.

Na hata ukionekana huna haki ya kukaa, Sheria ya Ardhi ya Kenya yataka ilani ya maandishi ya miezi mitatu kabla ya kukuondoa. Kesi za namna hiyo ni za Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kwa hiyo msiishie kwa kadhi. Gorofa mimi sizipingi. Daini majina yenu yaingie kwenye mkataba kabla ya jiwe la kwanza: nani anarudi, nyumba ipi, kodi kiasi gani, na ataishi wapi wakati wa ujenzi. Ahadi za barazani zinaishia barazani.

Huku California makanisa yameruhusiwa kujenga. Mbona nyinyi mnasuasua? (San Diego)

Unasema sheria ya huko iitwayo SB 4, iliyotiwa saini 2023 na kuanza kazi 2024. Yaruhusu nyumba ya ibada kujengea wenye kipato cha chini bila kuhangaika kubadilisha matumizi ya ardhi, na nyumba za kupanga kodi yake hufungwa kwa miaka 55. Hiyo miaka 55 naiiba leo leo. Lakini ardhi inayotajwa sana huko ni uwanja wa kuegesha magari, mtupu Jumatatu hadi Jumamosi. Yetu ina watu, na wana stakabadhi.

Kanisa letu Kisauni lina ekari zimelala. Mjenzi asema gharama zote ni zake, sisi tutoe hati tu.

Hilo "tu" ndilo la kuogopa. Hati itawekwa rehani kwa mkopo wake, na mkopo ukiharibika kinachopigwa mnada ni kiwanja chenu. Kodisheni ardhi, hati ibaki kwenu. Angalieni pia imeandikwa jina la nani. Kama ni shirika la ng'ambo, kumbukeni kwamba tangu Katiba ya 2010 asiye raia hapati zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Na kama ni upande wa Freretown, kuna swali lililo kubwa kuliko la mjenzi. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walianzisha makazi yale mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Wajukuu wao wapo. Nyumba zikijengwa, orodha ianze nao.

"Bei nafuu" ni kiasi gani hasa?

Unakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba hizi na hujaisoma sheria? Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 yasema mwenye kipato chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ni wa nyumba za kijamii, na wa 20,000 hadi 149,000 ni wa bei nafuu. Yaani karani wa 25,000 na meneja wa 140,000 wako kapu moja, na wajua nani atachukua funguo. Wadhamini wakisema "nafuu", waulize ya kundi lipi, na waandike.

Kamati ya msikiti haitaki kuonyesha hesabu, lakini yataka kujenga gorofa kumi.

Haijawa tayari kujenga hata choo.

Mimi si Mwislamu. Naweza kupanga nyumba ya wakfu?

Inategemea hati ya wakfu. Ikiwa haikubagua, panga. Msikiti hauli dini ya mpangaji, unakula kodi yake. Na udai stakabadhi.