Maswali ya Wasomaji: Mambo Mawili Yenye Jina la Euler

Swali: Vitabuni naona "namba ya Euler" na "konstanti ya Euler". Ni kitu kimoja? (Mwanafunzi, Morogoro)

Jibu: La, hizo ni namba mbili, zote zenye jina la mwanahisabati Leonhard Euler. Namba ya Euler ni e, yaani 2.71828... Utakutana nayo kwenye riba. Weka shilingi 1 kwa riba ya asilimia 100 kwa mwaka: riba ikiongezwa mara moja unapata 2, ikiongezwa kila mwezi 2.613, kila siku 2.7146. Hata ikiongezwa kila sekunde, e huivuki.

Konstanti ya Euler huandikwa γ, nayo ni 0.5772... Jumlisha 1 + 1/2 + 1/3 hadi 1/100, upate 5.1874. Toa ln 100 (logi asilia, yaani ya kizio e), ambayo ni 4.6052, inabaki 0.5822. Kadiri unavyozidi kuongeza sehemu ndivyo jibu linavyoisogelea γ. Wengi hukosea kwa kubonyeza log (ya kizio 10) badala ya ln kwenye kikokotoo, wakabaki na 3.1874.

Swali: Kanuni ya Euler inasema vipeo (kona), toa kingo, jumlisha nyuso, jibu ni 2. Kitabu kinadai umbo lenye tundu linaivunja. Nimehesabu fremu ya mbao ya picha: vipeo 16, kingo 24, nyuso 10. Jibu ni 2! Nani kakosea? (Mwalimu, Tanga)

Jibu: Kitabu kiko sawa, na wewe umehesabu vizuri. Tatizo ni nyuso mbili kati ya hizo 10.

Kanuni hii, ambayo Euler alimwandikia mwanahisabati mwenzake Goldbach mwaka 1750, inataka kila uso uwe kipande kimoja kisicho na tundu. Pitisha kidole kwenye kingo za uso wa mbele wa fremu. Utamaliza zile nne za nje na kurudi ulipoanzia, na nne za ndani hujazigusa. Uso wa namna hiyo haufai kuhesabiwa ulivyo, na wa nyuma ni vivyo hivyo. Kila mmoja umekuzidishia 1, ndiyo maana jibu sahihi la fremu, 0, likageuka 2.

Chora mistari kutoka kila kona ya nje hadi kona ya ndani, mbele na nyuma, pale pale fundi anapounga mbao kwa nyuzi 45. Mistari ni 8, kwa hiyo kingo ni 32. Nyuso sasa ni 4 za mbele, 4 za nyuma, 4 za nje na 4 za ndani: 16. Vipeo ni vile vile. 16 − 32 + 16 = 0.

Kwa kweli mstari mmoja kila upande unatosha. Kingo zinakuwa 26, nyuso zinabaki 10 kwa sababu mstari mmoja hauugawi uso vipande viwili, na 16 − 26 + 10 ni 0 pia.

Darasani anza na boksi la chaki, 8 − 12 + 6, na wanafunzi watie alama kila ukingo waliokwisha kuuhesabu. Kingo za nyuma ndizo husahaulika zaidi.