Dawa ya kupumua hukaa sana mwilini mwa njiti

Mwanangu alizaliwa wiki ya 30, ana kilo 1.3. Usiku wa pili aliacha kupumua. Midomo ikawa ya bluu, nesi akamsugua unyayo kwa kidole, akavuta pumzi kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Daktari alinieleza kuwa ubongo wa njiti bado mchanga, huacha kuyaamrisha mapafu; kimya kikizidi sekunde 20 lazima atibiwe. Wakamwanzishia kafeini, ile ile iliyomo kwenye kahawa.

Alipewa mara moja tu kwa siku. Niliona wanambania, na alfajiri alipoacha tena kupumua nikamsihi nesi amwongezee. Akanikalisha chini. Mtu mzima akinywa kahawa, nusu ya kafeini huwa imeshamtoka baada ya saa 5 hivi. Kwa njiti, nusu hiyo huchukua siku 3 au 4. Ini lake halina vimeng'enya vya kutosha vya kuivunja, kwa hiyo nyingi hutoka kwenye mkojo vilevile ilivyoingia, na figo nazo bado hazijakomaa. Ndiyo maana dozi ya kwanza huwa kubwa na zinazofuata ndogo: ya leo inaikuta ya jana bado ipo.

Kwetu hospitali nyingi hutumia aminofilini, dawa nyingine ya kumsaidia njiti apumue. Hiyo nayo hukawia mwilini mwa kichanga, tena sehemu yake hugeuka kuwa kafeini, na kiasi kinachosaidia hakiko mbali na kinachodhuru. Ukiona mtoto anatapika, anatetemeka au moyo unakwenda mbio, mwite nesi papo hapo.

Mama uliye wodini, tafadhali tafuta daftari. Andika uzito wa kila siku, maana dozi hufuata uzito, na saa ya kila dawa. Siku moja nesi wa zamu ya jioni alikuja na sindano. Daftari langu lilionyesha dozi ilishatolewa saa nne asubuhi, ila kwenye faili haikuandikwa. Alirudi kuhakikisha, ikawa kweli. Usione haya kuuliza.

Kafeini ilipokatishwa, nilidai ruhusa siku hiyo hiyo. Wakakataa: dawa ilikuwa bado inamshikilia, walitaka kumwona akipumua baada ya kuisha. Usilazimishe kuondoka, mama mwenzangu. Siku ya saba nesi alimtoa waya wa mashine mguuni, nikamfunga kifuani kwa kitenge, tukaenda nyumbani.